Beseni la Maji Mekundu

Seminole, Texas
9 Machi 2003

Kwako mdogo wangu Neta,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Mama. Mwili wangu mzima, macho tu yananiwasha kwa cheche. Kutwa tunachomelea mashine za kuvunia pamba. Wenzangu wengi ni watu wa kanisa letu wa huko Chihuahua, kusini mwa mpaka, kwa hiyo Jumapili tunakula tambi na krimu kama nyumbani, ila mpishi ni Peter Thiessen na tambi zake unaweza kufungia mzigo. Goti la Mama likoje? Mwambie asikamue ng'ombe asubuhi ya baridi, wewe upo.

Barua hii anakuja nayo mzee Dyck, anarudi huko kununua jibini. Simu sipigi. Simu iko dukani kwa Reimer, na nikizungumza nawe pale kijiji kizima kitakaa kinatafuna mbegu za alizeti kikinisikiliza.

Sasa, pikapu yangu. Upepo wa Machi umeshaanza huko, najua. Ile filta ya hewa niliyoifunga mwenyewe si ya kiwandani, ile ya karatasi unayoitupa ikichafuka. Hii ni ya pamba, inafuliwa. Fungua boneti, legeza mkanda, uitoe taratibu. Ing'ute vumbi kwa mkono. Nyunyizia sabuni yake, iache ikae kidogo, halafu isuuze kwa maji yasiyo na kasi kutoka ndani kwenda nje. Ukianzia nje unausukuma uchafu ndani ya pamba. Ianike kivulini. Usiipulize kwa kompresa, utaitoboa. Ikikauka kabisa, ipake mafuta yake, yale mekundu kwenye chupa iliyo chini ya kiti. Usibane mafuta, Neta. Wewe ni mbahili mpaka kwenye chumvi.

Ukimwona Margaretha kanisani, msalimie. Kanisani, nimesema. Huna haja ya kwenda kwao Hochfeld, barabara ile ya udongo mwekundu inaua filta. Na huko Hochfeld ndiko gereji ya Jakob Wall iliko. Jakob Wall asifungue boneti ya pikapu yangu hata ikiwaka moto.

Mimi si mtu wa wivu. Lakini mwanamume aliyempa mchumba wangu lifti baada ya mazoezi ya kwaya, tena akapita njia ndefu ya mashamba ya tufaha wakati ile fupi ilikuwa kavu, huyo simpi boneti yangu.

Kaka yako,
Kornelius


Rosenfeld
2 Aprili 2003

Kwako kaka Kornelius,

Tumepokea barua yako na soksi za Mama. Tunakushukuru. Tu wazima. Goti la Mama linatabiri hali ya hewa kuliko redio, na jana lilisema upepo, na upepo ukaja ukang'oa nyavu za kukinga mvua ya mawe kwenye shamba la tufaha la kina Enns. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Shayiri bado hatujapanda, udongo umekauka. Mashangazi wanasema ni aibu mwanamke kuendesha pikapu, kisha wananiomba niwapeleke mjini.

Nimeifua filta yako. Nilifuata kila neno kama mtu anayesoma katekisimu. Maji yalitoka mekundu kama supu ya biti, nikayabadilisha mara kadhaa mpaka yakatakata. Niliianika kwenye kibaraza nyuma. Mafuta sikubana. Niliyamimina mpaka yakawa yanadondoka, ili usije ukaniita mbahili.

Pikapu ilikohoa siku moja mbili, sasa haikohoi. Inavuta vizuri kuliko ulipoiacha.

Margaretha ni mzima na anakusalimu. Anashona mapazia kwa ajili ya harusi yenu ya Desemba. Amechagua rangi ya bluu, nami nilimwambia wewe hujui tofauti ya bluu na kijani, akacheka.

Mama anasema ule.

Dada yako,
Aganetha


Seminole
14 Aprili 2003

Neta,

Salamu. Mzima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona kitu. Kwanza, maji mekundu. Udongo wetu wa Rosenfeld ni wa kijivu, na wa njia ya kanisani ni wa kijivu. Barabara ya mjini ina lami. Udongo mwekundu uko Hochfeld. Pikapu yangu imekuwa ikifanya nini Hochfeld?

Pili, kikohozi. Pikapu haijiponyi yenyewe kama paka. Nani aliitibu?

Tatu, Margaretha alicheka. Alicheka wapi? Kanisani hakuna kunong'ona, na ibada ikiisha kila mtu anaondoka na watu wa kwao, hapana nafasi ya kuzungumzia mapazia. Maana yake ulikwenda kwao, au yeye alipanda pikapu yangu. Kama alipanda, alikuwa anakwenda wapi, na nani mwingine alikuwamo?

Usidhani nina wivu. Nauliza tu. Wazee wanasema wasiwasi ndio akili.

Nijibu kwa mkono wa Thiessen, anakuja huko kumwona mama yake.

Kornelius


Rosenfeld
11 Mei 2003

Kwako kaka yangu mwenye akili nyingi,

Salamu za Mama ziko juu, zangu ziko chini yake. Mvua ya kwanza imenyesha na tumeanza kupanda shayiri. Ndama anakunywa vizuri. Mwalimu Harder amepata mtoto wa nane na bado anasema mishahara haitoshi.

Kaka, umesahau kuwa mafuta ya filta yako ni mekundu? Ulininunulia mwenyewe, chupa imeandikwa. Yametiwa rangi ili mtu aone yalipofika na yasipofika. Filta ikifuliwa, mafuta ya zamani yanatoka, na maji yanakuwa mekundu hata kama gari limekaa zizini mwaka mzima. Mama amecheka mpaka akashika goti. Amesema baba yenu hakuwa hivi, huyu amemrithi nani.

Kwa Margaretha nilikwenda, ndiyo. Ni rafiki yangu tangu shule, kabla wewe hujajua kuwa ana macho. Nitaendelea kwenda. Anauliza kwa nini barua zako kwake zimekuwa fupi, na mbona zimejaa alama za kuuliza. Ningekuwa wewe ningemwandikia kuhusu mapazia.

Mama anasema ulale mapema.

Neta


Seminole
25 Mei 2003

Neta,

Salamu kwa Mama peke yake.

Usinifundishe mafuta yangu. Mafuta yakitoka hufanya maji kuwa ya waridi, na huelea juu. Udongo huzama. Nijibu swali moja tu: ulipomwaga maji, chini ya beseni palibaki nini? Kama palibaki tope jekundu laini, najua. Kama la kijivu, nakuomba radhi.

Na kikohozi hukukijibu. Uliniletea ndama na mwalimu Harder, kikohozi ukakipita kama shimo barabarani.

Thiessen amerudi. Sikumuuliza, amesema mwenyewe tukiwa mezani, mbele ya watu. Ameiona pikapu yangu Hochfeld siku ya Jumapili, baada ya kahawa, mbele ya gereji ya Jakob Wall. Margaretha alikuwa amekaa ndani, upande wa dirisha. Jakob Wall ameegemea mlango. Wote wanacheka. Kisha akaniuliza, "Kornelius, kule kwenu siku hizi pikapu inaenda na mchumba wa mwenye gari?" Meza nzima ikacheka. Mimi nikachukua sahani yangu nikaenda kula nje, nje kuna joto la kuoka mkate.

Tangu siku hiyo nikifumba macho naona mlango ule. Nauona mkono wake juu ya rangi niliyoing'arisha kwa nta. Wivu, haya, niite hivyo. Unauma Neta, unauma kama kitu kimekaa chini ya mbavu na hakitaki kuhama. Na kikulacho ki nguoni mwako: aliyempeleka huko ni dada yangu, kwa petroli yangu.

Sema kilichobaki chini ya beseni.

K.


Seminole
29 Juni 2003

Neta,

Wiki zinakwisha na hujaandika. Mzee Dyck amekuja na jibini, nikamuuliza barua, akasema ulikuwa shambani, hakukuona. Tangu lini unakuwa shambani siku ya Dyck?

Kwa kuwa wewe hutaki kusema, nimemwandikia Margaretha. Nimemwambia ninayoyajua. Nimemwambia kuhusu maji mekundu, kuhusu kikohozi cha gari, kuhusu Thiessen na mlango. Nimemwambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini asidhani nyoka simwoni. Nimemtaka achague.

Hajajibu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kuanzia leo pikapu isitoke zizini. Itoe filta uiweke kabatini kwa Mama, na tundu la bomba la hewa lizibwe kwa tambara. Hilo ni agizo langu, mimi ndiye niliyekaa mahali pa baba.

Kornelius


Rosenfeld
20 Julai 2003

Kwako kaka Kornelius,

Salamu. Sisi ni wazima. Mama hajambo kwa goti, kwa moyo hajambo kidogo. Shayiri imeota vizuri. Nimemaliza habari za nyumbani, sasa nakujibu, na safari hii soma mpaka mwisho kabla ya kuchukua kalamu.

Chini ya beseni palibaki tope jekundu.

Mwezi Machi, kabla ya kuifua hiyo filta, nilikuwa nimekwenda Hochfeld mara nyingi, kwa Margaretha. Tulikuwa tunapima mapazia ya nyumba yako. Nilinyamaza kwa sababu ulikataza, nami sikuona ubaya.

Kikohozi ni hiki. Ulisema nisibane mafuta. Sikubana, na mafuta yalipozidi yakavutwa na injini yakaganda kwenye ule waya mwembamba unaopima hewa inayoingia. Nikiwa njiani na makopo ya maziwa, pikapu ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazima kando ya shamba la Enns. Jua lilikuwa kali na maziwa yalikuwa yanaanza kuharibika. Aliyetokea ni Jakob Wall. Nilimwambia asiguse. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kaka yangu amemkataza kufungua boneti. Akasema, "Basi ifungue wewe, mimi nitasimama barabarani nikuambie." Na kweli, kaka, alisimama barabarani mikono mfukoni, akinielekeza kwa mdomo, mpaka nikautoa ule waya. Akaenda kuchukua dawa ya kuusafishia kwao, akarudi, akanipa chupa bila kusogelea boneti. Pikapu ikawaka. Siku ile hakuigusa, na tangu siku hiyo hadi leo boneti yako hajaifungua.

Wiki iliyofuata alikuja kuuliza kama inavuta. Wiki iliyofuata tena akaja, na hakuuliza habari za pikapu.

Jakob ananiposa mimi. Si Margaretha. Mimi, mbahili wa chumvi.

Mama alijua. Tulikubaliana tusikuandikie, kwa sababu umekaa mahali pa baba na nilitaka nikuombe ana kwa ana utakaporudi Desemba. Nilijua ungeisoma barua ukaona jina la Wall ukaichana. Siku za Jumapili nilipokwenda kwao, Margaretha alikuwa anakaa nasi ili watu wasiseme kwamba binti wa marehemu Fehr anakaa peke yake na mwanamume. Ndicho alichokiona Thiessen. Alikuwa analinda jina la dada yako. Mara mbili aliniambia, "Neta, nimwandikie nimweleze, anateseka." Mimi nikamwambia asubiri. Hilo ni langu, nimelibeba.

Barua yako kwake ilifika Jumamosi. Alikuja nayo kwetu kwa miguu, njia nzima ile, akaisoma mezani mbele ya Mama. Pale kwenye nyoka hakuruka neno, akasoma mpaka sahihi. Akaikunja. Nilidhani atalia, nikatamani alie. Akasema, "Ameliuliza beseni. Ameiuliza barabara. Amemuuliza Thiessen. Mimi hajaniuliza."

Mama akamwambia, "Mwanangu, kijana yuko mbali, mbali kunachanganya watu." Margaretha akasema, "Mama Fehr, nikiolewa naye atakuwa anakwenda mashambani asubuhi na kurudi jioni. Nitakuwa nafuliwa kila siku kama ile filta, aone maji yametoka rangi gani?"

Amemwambia baba yake asiandae ng'ombe wa harusi ya Desemba. Mapazia yako kwetu, ameyaleta yote, hata yale ya jikoni ambayo hayajapindwa.

Filta sijaitoa. Nimeifua tena, nimeipaka mafuta kidogo, mstari mmoja kila mkunjo, nikasubiri yaenee. Ndivyo inavyotakiwa. Pikapu itatoka zizini kila nikimpeleka Mama kwa daktari.

Sasa nakuomba, kaka, kwa kuwa uko mahali pa baba. Jakob Wall anataka kunioa Septemba. Unasemaje?

Aganetha


Seminole
10 Agosti 2003

Neta,

Salamu kwako na kwa Mama.

Olewa. Jakob ni fundi mzuri, hilo sikulikataa kamwe. Mwambie nimekubali, na mzee Dyck awe shahidi, nimemwambia kwa mdomo pia.

Margaretha nimemwandikia barua mbili. Hazina alama ya kuuliza hata moja, nilizihesabu kabla ya kufunga bahasha. Kimya.

Mngeniambia lakini. Siwalaumu. Nasema tu mngeniambia.

Harusini sitafika. Mavuno ya pamba yanakaribia na mashine zote bado hazijatengenezwa, tajiri hatoi ruhusa. Pikapu itumieni kwa siku zenu za kutembelea ndugu baada ya uchumba kutangazwa. Pitieni barabara yoyote.

Kornelius


Seminole
28 Septemba 2003

Kwako dada yangu Neta, sasa Bibi Wall,

Salamu za heri kwenu wote wawili, na kwa Mama ambaye najua alilia kuanzia wimbo wa kwanza. Jumamosi ile nilikuwa gereji tangu asubuhi. Nilihesabu saa zenu: sasa wanaimba, sasa mchungaji anahubiri, na kwa kuwa ni mchungaji Penner, sasa bado anahubiri. Saa ya chakula nilikula mkate mkavu kwa makusudi, sijui kwa nini.

Mwambie Jakob tajiri wangu anauza mtungi wa kuchomelea, ni mzuri, kama anautaka nitautuma. Hapa baridi ya asubuhi imeanza. Nimeacha kula meza moja na Thiessen.

Nafurahi kwa ajili yako. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama, naona ni kweli. Nawaonea wivu pia. Naona hiyo nayo ni kweli.

Neta, nina swali moja na sitauliza jingine. Harusini, Margaretha alikuja na nani? Alikaa karibu na nani wakati wa chakula? Sikuulizi kwa ubaya.

Kaka yako,
Kornelius


Rosenfeld
19 Oktoba 2003

Kwako kaka Kornelius,

Salamu kutoka kwangu, Jakob na Mama, tunaokaa wote hapa kwa sasa. Tu wazima. Tumeanza kuvuna shayiri, na theluji ya kwanza inaonekana milimani.

Harusi ilikuwa njema. Banda la kina Enns lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya trekta. Tulikula supu ya kabichi na nyama, supu baridi ya matunda makavu, na mikate ambayo mashangazi walioka usiku mzima huku wakigombana kuhusu hamira. Mchungaji Penner alihubiri mpaka nyanya wa Jakob akasinzia akaangukia bega la mchungaji mwingine. Mama alilia kuanzia kabla ya wimbo wa kwanza, umekosea. Wiki ya kutembelea ndugu tulizunguka vijiji vyote, na kila nyumba tulipewa kahawa mpaka nikawa silali. Jakob anasema mtungi anautaka, asante. Bado haigusi boneti yako. Nimemwambia ruhusa ipo, anasema atangoja mwenye gari aje ampe mwenyewe.

Swali lako nimelisoma. Nilikuwa nimeshaandika jibu, jina na mahali alipokaa, nikalikata. Sitakujibu, kaka. Si kwa hasira. Nikikujibu hili utauliza la pili, na mimi nitakuwa beseni lako maisha yangu yote.

Tajiri wako hakukukatalia ruhusa. Mzee Dyck alimuuliza, naye alishangaa.

Basi la kutoka huko linafika mjini Alhamisi na Jumapili. Nitakuwa kituoni siku zote mbili, nitakupa ufunguo bila kukuuliza unakwenda wapi. Margaretha bado yuko kwao Hochfeld, hajaolewa, na barua zako mbili anazo. Hajaniambia uje. Hajaniambia usije.

Muulize yeye.

Neta